Aliyeshuka wa Mwisho

Katika kundi la wazee kumi na wawili waliokwenda Hinterlahn, kijiji cha milimani, kuteleza kwa skii kwenye theluji kila mwaka, wiki ya pili ya Machi, kila mmoja alikuwa na nafasi yake mteremkoni, na nafasi ya Wendelin Achleitner ilikuwa ya mwisho. Hakupewa nafasi hiyo kwa sababu ya uzito wa miguu. Alipewa kwa sababu aliaminika. Kiongozi wao, Rupert Stadlbauer, alitangulia. Nyuma yake wakafuatana wengine kama shanga katika uzi mmoja. Na Wendelin, aliyevuta kofia nyekundu ya sufu juu ya helmeti yake, alishuka baada ya wote. Aliokota fimbo zilizoanguka, akawainua walioanguka, akamngoja aliyesimama kukaza kiatu. Mtu akianguka hakuwa na haja ya kupiga kelele. Alijua tu kwamba Wendelin hajapita.

Desturi hiyo ilizaliwa na kosa. Katika safari yao ya kwanza Rupert, aliyekuwa karani wa manispaa na mpenzi wa orodha, alihesabu vichwa kila walipofika chini. Siku moja alihesabu kumi na wawili, akaridhika, akawapeleka watu wake kwenye supu. Kumbe wa kumi na mbili alikuwa Mholanzi aliyesimama karibu nao kupumzika, na Burgi Zehetner, aliyekuwa akifanya kazi posta, alikuwa ameteremkia bonde lisilo lake. Burgi alirudi jioni kwa teksi, skii zake zikichungulia dirishani, na tangu hapo humwita Rupert "Mholanzi" kila anapotaka kumnyamazisha. Rupert hakuhesabu tena. Watu waliovaa helmeti na miwani ya theluji hufanana wote, alisema, lakini kofia nyekundu ni moja. "Wendelin akifika, tumefika." Maneno hayo yakawa sheria, na sheria hiyo ikadumu miaka ishirini na sita bila kumpoteza mtu.

Wendelin alikuwa na umri wa miaka sabini na mitano. Kazi ya maisha yake ilikuwa kutembea. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa mkaguzi wa njia ya reli kati ya stesheni mbili zilizo kando ya mto Danubi. Alitembea na nyundo yenye mpini mrefu, akigonga vifungo vya reli na kuusikiliza mlio wake. Kilicholegea alikikaza. Asichoweza kukikaza alikiandika katika daftari, akatia sahihi. Hakuna treni iliyotoka njiani katika kipande chake, jambo ambalo hakulitangaza kwa mtu, ila alilijua, na lilimtosha. Alipostaafu, na mkewe Resi alipofariki miaka miwili baadaye, nyumba yao isiyojaliwa mtoto ilibaki na saa ya ukutani, vitunguu vya bustanini, na wiki moja ya Machi ambayo watu kumi na mmoja walimhitaji.

Mwezi wa Oktoba uliopita, daktari wa macho alimwonyesha karatasi yenye mistari ya miraba. Mistari ya pembeni ilisimama wima. Ya katikati ilipinda kama reli iliyopigwa na jua kali, na katikati yake palikuwa na doa la kijivu.

"Pembeni utaendelea kuona, Bwana Achleitner," daktari alisema taratibu. "Kile unachokitazama moja kwa moja ndicho kitakachopotea."

Akamkataza kuendesha gari. Kuhusu skii daktari hakuuliza, na Wendelin hakusema. Aliuza gari, akawaambia majirani kwamba kutembea ni afya. Nyumbani alijifunza kutazama kama kuku, kwa upande: akitaka kuona kikombe alitazama sukari, akitaka kuona uso wa mtu alitazama sikio lake. Ilipofika Februari na Rupert akapiga simu kuuliza nani anakuja, alijibu, "Mimi nakuja kama kawaida." Alijiambia kwamba ni mwaka huu mmoja tu. Mteremko namba saba aliujua kama alivyoijua njia yake ya reli, kila kona na kila bonde, na mtu hahitaji macho sana mahali anapopajua. Ndivyo alivyojiambia. Lakini Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo hakilazimiki kumjia yule yule aliyeficha.

Jumanne, siku yao ya pili, walikuwa mezani wakipata chai. Burgi alikaa mbele yake.

"Wendelin, hiyo jemu imekukosea nini?"

"Kwa nini?"

"Unaitazama kwa kando kama mkwe asiyetakiwa."

"Naichunguza isinikimbie."

"Ee, jamani, mwanamume akianza kuangalia chakula kwa jicho la pembeni, ujue anatafuta mke. Hermine, jihadhari wewe uliyekaa karibu."

"Mwache ale, Burgi," alisema Hermine Lehner. "Na hilo andazi ni la tatu, nimelihesabu."

"La pili. Lile la kwanza nilimwonjea Rupert."

Meza ikacheka, na Wendelin akacheka pamoja nao, akashukuru kwamba kicheko kimeifunika jemu.

Hermine alikuwa mjane wa fundi saa. Mjini kwao kila mtu alimwita Bibi Lehner, na Wendelin naye alimwita hivyo mpaka siku ile ya kwanza ya safari yao ya kwanza, walipoketi pamoja kwenye lifti ya viti, vile viti vinavyoning'inia kwenye waya na kupandisha watu mlimani. Huko milimani ipo ada kwamba ukivuka mita elfu moja kwenda juu, ubwana na ubibi hubaki bondeni. Watu huitana kwa majina yao ya ubatizo kama ndugu. Walipovuka nguzo iliyoandikwa kimo hicho, Hermine alimpa mkono uliovaa glavu nene na kusema, "Hermine." Naye akajibu, "Wendelin." Jina likishatolewa hivyo halirudishwi, hata mkishuka, hata mkikutana sokoni mwenzako amebeba kabichi. Tangu siku hiyo waliketi kiti kimoja kila walipopanda, na katika kushuka yeye alikuwa wa kumi na moja, kwa kuwa alikwenda polepole, na Wendelin nyuma yake.

Asubuhi hiyo, chini ya lifti, Hermine alikuwa akifuta miwani yake.

"Nisomee ubao, Wendelin. Namba saba imefunguliwa?"

Ubao ulikuwa juu yao, na taa zake za kijani na nyekundu. Wendelin aliuinulia uso, akaona duara la kijivu lenye mwanga kandokando. Jana yake namba saba ilikuwa wazi, na dakika chache zilizopita alikuwa amemsikia mwenye lifti akimwambia mtu kwamba leo miteremko yote i wazi isipokuwa ule wa kaskazini.

"Imefunguliwa," alisema.

"Macho ya mwewe hayo. Mimi nikiutazama naona mapambo ya Krismasi."

Wakakaa, kiti kikawanyanyua. Juu yao wingu lilikuwa limeanza kushuka, likimeza nguzo moja baada ya nyingine. Hermine akasema, bila kumgeukia:

"Nikuambie siri? Mwaka huu nilitaka kuacha."

"Kwa nini?"

"Nimekuwa mwoga. Usiku nalala naiona barafu. Nikasema, Hermine, umri wako sabini na mmoja, mifupa yako ni biskuti, ukianguka huko nani atakuokota? Nikaandika barua kwa Rupert kwamba siji." Akacheka kidogo. "Kisha nikaichana. Nikakumbuka uko nyuma yangu."

Wendelin alihisi maneno yakipanda kifuani. Yalikuwa machache, na dakika za kuyasema zilikuwepo, kwa kuwa lifti ile ilichukua dakika kumi na moja kufika juu. Lakini aliyawaza yakishatamkwa: Rupert akimpa mtu mwingine nafasi ya mwisho, na yeye akiwekwa katikati ya uzi, akitazamwa mbele na nyuma kama mzigo wa mayai. Akayameza.

"Niko nyuma yako," alisema.

Huko juu walijipanga. Rupert aliwatahadharisha kwamba katikati ya mteremko kuna ukungu, kila mtu amfuate aliye mbele yake, wakutane kwenye nyumba ya supu iliyo chini ya lifti ya pili. Kisha akaondoka, nao wakafuata mmoja mmoja. Hermine aliposukuma fimbo zake, Wendelin alimtazama bega ili amwone mzima, akaona koti lake la rangi ya samawati likielea pembeni mwa jicho lake. Alihesabu mpaka kumi, kama kawaida, akamfuata.

Nusu ya kwanza alishuka vizuri. Nguzo ya tatu, kona. Bonde la mkono wa kushoto. Msonobari uliokatika kichwa. Miguu yake ilikumbuka kila kitu. Walipoingia katika ukungu, lile koti la samawati lilipotea, likaonekana, likapotea tena, naye akalichukulia kuwa li mbele yake, mahali ambapo limekuwa siku zote.

Penye kona ya nne, ambapo ukingo wa njia huangukia kijibonde chenye vichaka, alisikia kitu. Hakuwa na hakika kama ni sauti ya mtu au kunguru wa mlimani. Alisimama. Sauti ikaja mara ya pili, fupi, kutoka upande wa kulia chini ya ukingo. Akageuza uso wake kwa ukamilifu kuelekea huko, akatazama. Alitazama kwa muda ambao mtu angeweza kusali Baba Yetu. Theluji ilikuwa nyeupe, ukungu ulikuwa mweupe, na katikati palikuwa na kijivu kile kile alichokwisha kukizoea. Kama angeinamisha kichwa kidogo, kama angetazama kile kichaka cha kushoto badala ya pale sauti ilipotokea, angeona. Kwa kikombe na kwa mkate alikuwa amekwisha kujifunza. Lakini mbele ya jambo la kweli, miaka thelathini na minane ya kukikabili kitu kilicholegea na kukitazama usoni ilikuwa na nguvu kuliko miezi mitano ya kutazama kama kuku. Aliendelea kutazama moja kwa moja. Sauti haikurudi tena. Akajiambia kwamba ni kunguru, akashuka.

Kule chini Rupert alisimama mlangoni mwa nyumba ya supu akiangalia mteremko. Kofia nyekundu ilipotokea katika ukungu, alipiga makofi ya glavu.

"Wendelin amefika, tumefika. Ingieni, supu ya madonge ya maini inapoa."

Siku hiyo nyumba ilijaa watu, kwa hiyo walikaa meza mbili zilizo mbalimbali, moja karibu na jiko na nyingine dirishani. Supu ililetwa, ikaliwa. Mtu mmoja akaagiza chai, mwingine pombe kali ya matunda ya pea. Burgi ndiye aliyekuja kutoka meza ya karibu na jiko akiwa na glasi mkononi.

"Hermine mmemficha wapi? Nataka anipe tena kile kidonge chake cha goti."

"Hatuko naye," alisema Rupert. "Si yuko kwenu?"

"Kwetu? Kwetu tuko watano."

Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakamgeukia Wendelin, bila kumshutumu, kwa namna mtu anavyotazama saa ili ajue muda. Alikuwa ameshasimama. Kiti chake kilianguka nyuma yake, wala hakukiinua.

Waokoaji walimpata Hermine kwenye vichaka vya kona ya nne, dakika karibu hamsini baada ya kuanguka. Fupa la paja lilikuwa limevunjika karibu na nyonga, na baridi ilikuwa imeanza kumlegeza ulimi. Helikopta haikuweza kuruka katika ukungu ule, kwa hiyo walimshusha kwa machela ya kuteleza. Ilipopita mbele ya nyumba ya supu, Wendelin aliona blanketi la manjano likipita pembeni mwa jicho lake. Alipoligeukia, likapotea.

Jioni, mkuu wa waokoaji alikuja kwenye nyumba ya wageni kuandika taarifa. Alimuuliza aliyeshuka wa mwisho kama alimwona marehemu, akajisahihisha haraka, kama alimwona majeruhi. Kabla Wendelin hajafumbua kinywa, Rupert alijibu.

"Ukungu ule, bwana, hata mimi sikuziona ncha za skii zangu. Mtu angeweza kupita karibu na kanisa asilione."

"Ni kweli," wengine wakaitika. "Ukungu mtupu."

Mkuu wa waokoaji akaandika neno moja kwenye mstari wa sababu. Wendelin alinyamaza, na kunyamaza kwake kukaingia katika taarifa kama ushahidi. Wenzake walimpigapiga mgongoni walipokuwa wakipanda kulala. Kila mkono ulimwambia kwamba hana kosa, na kila mkono ulimuumiza.

Jumatano hakwenda mlimani. Burgi alifunga nguo za kulalia na ndara za Hermine katika mfuko, na Wendelin akapanda basi la bondeni kwenda hospitali. Alimkuta Hermine amelala chali, uso umekuwa mdogo, mguu umeinuliwa juu ya mto. Alimtazama sikio, ili aone macho yake.

"Karibu kiti, Bwana Achleitner," alisema Hermine.

Wendelin alibaki amesimama. Kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kulisikia jina hilo kinywani mwake, na ilikuwa kama mtu amemfungia mlango kwa upole, akazungusha na ufunguo.

"Nimekuletea vitu vyako," alisema hatimaye.

"Viweke hapo."

"Unaumwa sana?"

"Wametia chuma. Daktari anasema nitatembea na magongo mawili, baadaye na moja. Nyumba yangu ina ngazi ishirini na mbili, lakini daktari hajaziona." Alipumua. "Nina swali moja, halafu nataka kulala."

"Uliza, Hermine."

"Nilikuita mara mbili. Ya kwanza ukasimama, nikaita tena. Ukageuza uso ukanitazama, machoni, hivi ninavyokutazama sasa. Tulikuwa mbali kiasi cha hatua kumi, labda kumi na mbili. Nikasema moyoni, Mungu ashukuriwe, ameniona, nisimalize pumzi. Nikanyamaza, nikainua mkono tu. Nawe ukageuka, ukaenda zako." Sauti yake haikupanda. "Usiku kucha nimejiuliza. Nilikukosea nini?"

Lile neno la jana, ukungu, lilikuwepo, tayari, limeandikwa na kutiwa muhuri. Angeweza kulitumia. Lakini aliona kwamba, kwa kuliacha lisimame, angemwacha Hermine aamini kitu kibaya kuliko kile alichokuwa akikificha.

"Sikukuona."

"Ukungu haukuwa mzito pale. Nilihesabu vifungo vya koti lako."

"Haukuwa ukungu. Ni macho yangu." Akamweleza yote kwa utaratibu, kama anayesoma daftari la kazi: karatasi ya miraba, doa la kijivu, gari lililouzwa, ubao wa taa ambao hakuusoma. "Kile ninachokitazama moja kwa moja hupotea. Nilikutazama moja kwa moja. Kama ningekutazama vibaya, ningekuona."

Mhudumu alipita ukumbini akisukuma mkokoteni wa sahani.

"Tangu lini?"

"Oktoba."

Aliona vidole vya Hermine vikihesabu juu ya shuka. Novemba, Desemba, Januari, Februari, Machi.

"Basi hukuniacha Jumanne," alisema Hermine. "Uliniacha Oktoba."

"Hermine..."

"Acha nimalize. Ningejua, huenda ningebaki nyumbani na biskuti zangu. Au ningekuja kwa hadhari. Au ningekwambia, twende, tushuke bega kwa bega, mimi nikuonyeshe njia, wewe uniinue nikianguka. Tungecheka sisi wawili. Burgi angetunga utani wa wiki nzima. Hukunipa hata moja katika hayo. Nilikuambia siri yangu kwenye lifti, nawe ukanijibu, niko nyuma yako."

"Nilisema hivyo."

"Ulisema hivyo. Sasa nenda, Bwana Achleitner. Nimechoka."

Jioni hiyo, kabla supu haijagawiwa, Wendelin alisimama mezani akawaambia. Alitumia maneno yale yale aliyoyatumia hospitalini, bila kuongeza wala kupunguza. Alipokwisha, kijiko kimoja kiliwekwa mezani kwa uangalifu mkubwa.

Rupert alikuwa wa kwanza. "Wendelin, jambo hili litabaki kati yetu. Karatasi imekwisha kuandikwa ukungu."

"Karatasi imeandikwa uongo."

"Imeandikwa kilichokuwepo. Ukungu ulikuwepo. Na mimi sikuhesabu, hilo nalo mbona hukulitaja? Miaka ishirini na sita nimeangalia kofia badala ya watu."

"Wewe uliangalia kofia kwa sababu niliiuza kwako kama kofia nzima," alisema Wendelin.

Burgi alikuwa akiikunja na kuikunjua leso yake ya mezani. Walimsubiri afanye mzaha, kwa maana ndivyo walivyozoea kutoka katika mahali pagumu, lakini mzaha haukuja.

"Nilikucheka kwa ajili ya jemu," alisema.

"Hukujua."

"Nilifanya kazi posta miaka arobaini. Nilikuwa nikiutazama mwandiko juu ya bahasha nikajua ndani kuna harusi au kuna msiba. Na wewe tumekula meza moja." Akaiweka leso. "Ningekuwa na hasira nawe, Wendelin. Kesho nitakuwa nayo. Leo siwezi."

Hawakumfukuza wala kumkemea. Walimpakulia supu, wakamsogezea mkate karibu na mkono ili asiutafute, na wema huo mdogo, ambao ndio aliouogopa tangu Oktoba, ulifika sasa ukiwa umechelewa na haumfai mtu.

Alhamisi asubuhi alikwenda kwenye kituo cha waokoaji. Mkuu wao alimsikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu.

"Bwana Achleitner, hili halibadilishi mguu wa mtu."

"Najua. Liandike."

"Ukungu niufute?"

"Usiufute, ulikuwepo. Andika chini yake."

Mkuu wa waokoaji akaandika. Ilipofika zamu ya sahihi, ilimbidi amshike Wendelin kidole na kumwekea juu ya mstari, na Wendelin akatia sahihi yake ile ile ya miaka ya reli, ikapanda kidogo upande wa kulia.

Kutoka hapo alikwenda hospitali. Hermine hakutaka kumwona. Aliketi ukumbini kwenye benchi mpaka saa za wageni zikaisha, akaondoka. Ijumaa, siku yao ya mwisho, wenzake walipanda mlimani kwa mteremko mmoja wa kuaga, huku Rupert akiwaita kwa majina kabla ya lifti na baada ya lifti. Wendelin alirudi kwenye lile benchi. Hakuwa na ombi. Msamaha hakuutarajia, na kama angeulizwa anasubiri nini, hangekuwa na jibu la kumridhisha mtu. Alijua tu kwamba Hermine yuko nyuma ya mlango ule, na kwamba safari hii hajampita.

Muuguzi aliyeitwa Jasna, mama wa makamo mwenye sauti nzito, alimletea chai bila kuombwa. Alasiri alikuja tena.

"Ameuliza kama bado upo."

"Mwambie nipo."

Jasna akaingia, mlango ukafungwa. Wendelin aliinuka, akashusha mikono yake, akaikunja tena mbele. Alisikia sauti mbili, ndefu na fupi, asijue maneno. Muuguzi alipotoka, alimtazama sikio na kuona kwamba hakuwa akitabasamu.

"Amesema, mwambie Bwana Achleitner aondoke sasa hivi, kabla jua halijazama nyuma ya milima. Amesema huna macho ya kungojea basi gizani."

"Hakusema jingine?"

"Hakusema jingine. Amegeukia ukutani."

Wendelin akashukuru, akavaa koti, akashuka ngazi akiwa ameshika ukingo wake. Katika kituo cha mabasi palisimama magari manne, na juu ya kila kioo palikuwa na namba za taa ambazo, kila alipoziinulia uso, ziligeuka kuwa moshi. Siku zote mbili zilizopita alikuwa amejibanza ukutani mpaka dereva mmoja atamke jina la kijiji, ndipo akafuata kama aliyekuwa akijua tangu mwanzo. Sasa alimsogelea mama mmoja aliyebeba kikapu.

"Samahani, mama. Mimi sioni. Basi la Hinterlahn ni lipi?"

Alikuwa hajawahi kumwambia mtu hivyo ili tu asaidiwe. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi, wala haikumshangaza yule mama. Hakuuliza tangu lini, wala kwa nini.

"Ni hili lililo mbele yako, baba. Nishike mkono, ngazi yake ni ndefu."

Akamshika mkono. Alipokwisha kukaa, mama yule alikwenda kwenye basi lake, na Wendelin akabaki ameuelekeza uso wake dirishani, upande ilikokuwa hospitali, akitazama moja kwa moja.